Nataka kuhudumia wajawazito: lazima niwe nesi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu hailali. Wananiandikia mabinti, kaka zao, wazazi wao, na mara mojamoja mtu mzima aliyechoka na kazi ya dukani anayetaka kuanza upya. Mimi ni muuguzi mkunga kwa mwaka wa kumi na saba sasa, sehemu kubwa nikiwa leba na iliyobaki kliniki ya mama na mtoto. Maswali yanarudi yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa na majibu yake kama ninavyoyatoa kwa mdomo. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana baraza lao na taratibu zao.

Uuguzi na ukunga si kitu kimoja?

Kwenye cheti, kwa wengi wetu, vinakwenda pamoja. Vyuo vya kati vinafundisha kozi moja ya Uuguzi na Ukunga, na anayetusajili na kutupa leseni ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2010. Ukishasimama wodini ndipo unaona kwamba ni kazi mbili. Muuguzi anampokea mtu anayeumwa na kumsaidia apone. Mkunga anampokea mtu ambaye mara nyingi haumwi kabisa. Anakaa naye, anamlinda, na anatakiwa kuwa wa kwanza kugundua pale hali inapoanza kugeuka.

Jambo hili uulize kabla hujalipa ada. Ukimaliza kozi ya pamoja, mwajiri anaweza kukupanga popote: wodi ya wanaume, majeruhi, upasuaji, afya ya akili, zahanati ambako uko wewe na tabibu mmoja. Niliwahi kufanya kazi na binti aliyesomea uuguzi kwa sababu moja tu, anapenda vichanga, akapangwa wodi ya majeruhi miaka mitatu mfululizo. Kazi aliifanya vizuri, lakini kila siku alikuwa ananyauka. Kama moyo wako uko kwa wazazi peke yao, yaani akina mama wanaojifungua, fahamu kwamba Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina Shahada ya Ukunga inayojitegemea, mbali na ile ya Uuguzi. Na kama unasoma ile ya pamoja, isome ukikubali kwamba mgonjwa wa kiharusi naye ni wako.

Sifa za kuingia chuo ni zipi?

Kwa Astashahada na Stashahada: kidato cha nne, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nafasi. Stashahada ni miaka mitatu. Shahada ni miaka minne, unaingia kwa kidato cha sita au kwa Stashahada yenye ufaulu mzuri, na baadaye kuna mwaka mzima wa mafunzo kazini hospitalini. Kwa ngazi zote unakutana na mtihani wa baraza kabla ya leseni.

Usimlipe mtu anayekuahidi nafasi. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, wa mwaka husika, tafuta jina la chuo, hakikisha kozi yenyewe imeorodheshwa. Kuna wazazi waliouza ng'ombe kulipia kozi ambayo baraza haliitambui, na kilio chao nimekisikia kwa masikio yangu.

Nina F ya Fizikia. Nifanyeje?

Rudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka mmoja si mwingi. Ukishaipata D yako utakuwa na mlango wa uuguzi, wa utabibu na wa kozi nyingine nyingi za afya kwa pamoja.

Kazi ya leba ikoje hasa? Kwenye picha naona mnashika watoto na kutabasamu.

Hiyo picha ni ya kweli, na hudumu dakika tano hivi.

Zamu huanza kwa makabidhiano, kitanda kwa kitanda. Huyu ni uzao wa kwanza, njia imefunguka sentimita nne. Huyu alishafanyiwa upasuaji, yuko chini ya uangalizi. Huyu presha inapanda, ameshaanza sindano za kuzuia kifafa cha mimba. Kisha unaingia kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kasi ya uchungu kila nusu saa, kupima njia kila baada ya saa nne, na presha vilevile. Ukiwa na wazazi wanne walioanza uchungu mkali, piga hesabu uone ni mara ngapi utakuwa umesimama kabla ya kunywa maji. Usiku usingizi unakuja kama maji ya mafuriko, na moyo wa mtoto haujali kwamba ni saa tisa.

Mtoto akitoka kuna mambo mawili yanayokimbizana. Mama anatakiwa kuchomwa oksitosini yuniti kumi ndani ya dakika moja ili tumbo la uzazi libane na damu isitoke ovyo. Mtoto naye, kama halii baada ya kukaushwa na kusisimuliwa, anatakiwa awe ameanza kusaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika hiyohiyo. Tunaiita dakika ya dhahabu. Mikono yako inatakiwa iijue kazi kabla akili haijamaliza kuogopa, na mikono haijui kwa kusoma tu. Inajua kwa kurudia mazoezi kwenye mwanasesere kila wiki, hata ukiwa na miaka kumi kazini. Ukiona hospitali ambayo mwanasesere wa mazoezi amefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliye likizo, ujue pale kuna tatizo.

Baada ya hapo ni kuandika. Kitabu cha MTUHA namba 12, rejesta ya leba ya mfumo wa taarifa za afya, kinataka kila kitu, na asiyeandika hajafanya.

Kuna upande mwingine ambao nitausema waziwazi kwa sababu unaniuma. Kuna wazazi wanaotukanwa leba. Kuna wanaopigwa mapaja na kuambiwa "wakati unaitafuta hii mimba mbona hukulia?" Mama anaweza kusahau sura ya daktari aliyemshona, lakini maneno ya siku ile hayasahau hadi anazeeka, na ndiyo yanayomfanya mdogo wake ajifungulie nyumbani. Kama unajijua ukichoka unakuwa mkali kwa mnyonge, nakuomba, kuna kazi nyingine nzuri chini hapa. Soma hadi mwisho.

Je, bado tunahitajika? Nasikia vifo vimepungua sana.

Vimepungua, na tuna haki ya kufurahi. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika kipindi hichohicho. Sasa fikiri maana yake: wazazi waliokuwa wanabaki nyumbani wanakuja. Wakija wanakuta kitanda kimoja kwa wawili na nesi mmoja kwa wote. Idadi inayoingia mlangoni imeongezeka kuliko mikono ya kuipokea. Kwa dunia nzima, ripoti ya hali ya ukunga ya 2021 ilihesabu upungufu wa wakunga 900,000.

Mimi ni mwanaume. Nitakubalika?

Utakubalika kuliko unavyodhani, na utakataliwa mara kadhaa vilevile. Wakunga wanaume tunao, na wengine ni walimu wangu mimi. Utakutana na mama atakayesema hataki, au mume wake atakayesema kwa niaba yake. Ukikataliwa na mama mwenyewe, usichukie. Mwite mwenzako wa kike kama yupo, wewe chukua kazi nyingine. Watakutajia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, na hata mimi sikuujua kwa miaka yangu minne ya kwanza kazini, kwa kuwa nilikuwa sijazaa. Mzazi anahitaji mtu aliye macho, mwenye mikono safi na sauti ya upole. Nimeona akina mama wakiomba warudishiwe "yule kaka wa jana."

Jilinde pia: unapompima mama, awepo mtu mwingine chumbani, pazia livutwe, na umweleze unachofanya kabla ya kumgusa. Hili ni la kila mkunga, lakini wewe halitakusamehe ukilisahau.

Naogopa damu.

Wengi walioanza na hofu hiyo sasa wanashona michaniko bila kupepesa. Woga unapungua ukijua unachokitafuta. Damu inayovuka mililita 500 baada ya kujifungua ni hatari, na shida yetu ya miaka yote ilikuwa kuikadiria kwa macho, tukidanganywa na kanga na shuka. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: mkunga akitandika chini ya mzazi mfuko wenye alama za vipimo, akaona mapema, na kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna dawa mpya iliyoletwa, ila watu waliiangalia damu na kuipima.

Kwa usalama wako, pata chanjo ya homa ya ini B kabla ya kuanza mazoezi ya vitendo. Ukijichoma sindano, usione aibu kuripoti. Dawa kinga ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Sitaki kuwa nesi, lakini nataka kazi inayogusa wazazi na watoto. Nina njia gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo lililonifanya niandike. Tumezoea kuwaambia watoto kwamba kuna daktari na kuna nesi. Siku moja nilihesabu watu waliomwokoa mama mmoja tuliyempasua usiku wa manane, nikapata tisa, na wauguzi tulikuwa wanne.

Anza na mtu wa usingizi na ganzi. Chumba cha upasuaji kinaweza kuwa na daktari, vifaa na taa, na kama hakuna wa kumlaza mama salama, upasuaji hauendi. Vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji miaka ya karibuni na vinamtafuta mtu huyu kama almasi. Muuguzi aliyesajiliwa au tabibu anaweza kujiendeleza upande huo. Kazi inataka mtu mtulivu, mwenye kupenda hesabu za dozi, asiye na haja ya kusifiwa, kwa sababu kazi yako ikienda vizuri mama hakukumbuki.

Kisha maabara. Mama anayetokwa damu anahitaji damu, na kabla ya chupa kufika kwake kuna aliyepima kundi na kulinganisha. Mtaalamu wa maabara anayejibu simu saa nane usiku ni mkunga kwa namna yake. Ukiwa mtu wa kuzungumza na watu, kuna kazi ya kuhamasisha uchangiaji: kwenda mashuleni, misikitini na makanisani kuomba watu watoe damu kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Wanaopenda spana na nyaya husahaulika kabisa. Mashine ya oksijeni, mashine ya kunyonya ute, kitanda cha joto cha mtoto njiti: vyote vinaharibika. Nimefanya kazi mahali palipokuwa na mashine tatu za oksijeni na mbili zilikuwa zimewekwa ukutani kama samani, zikisubiri fundi kutoka mkoani. Ufundi wa vifaa tiba unafundishwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Kijana anayejua kuirudisha mashine kazini ndani ya saa moja, huyo nitampigia magoti.

Utabibu ni miaka mitatu ya Stashahada, na tabibu wa zahanati ndiye anayeamua mara nyingi kama mama apewe rufaa sasa hivi au asubiri. Mionzi na utrasaundi kwa wenye jicho la kutulia. Famasia kwa wanaoelewa kwamba oksitosini iliyokaa nje ya jokofu inapoteza nguvu, na nesi anachoma maji bila kujua. Lishe, kwa ajili ya upungufu wa damu unaowapata wajawazito wengi, inasomwa Sokoine kule Morogoro. Fiziotherapia inawasaidia walioachiwa udhaifu wa nyonga.

Ustawi wa jamii nao, kwa sababu kuna binti wa miaka kumi na sita anayejifungua peke yake na hana pa kurudi, na kuna mama aliyepata fistula, lile tundu la uzazi linalomfanya avuje mkojo au kinyesi, akakimbiwa na mume. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam, inayotibu fistula, iliona wagonjwa hawaji kwa kukosa nauli, ikaanza kuwatumia nauli kwa simu kupitia mabalozi wake mikoani. Aliyewaza hivyo aliokoa wanawake bila kushika kisu.

Na kama shule ilikomea kidato cha nne bila sayansi, kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha 137,294 kwa miaka mitano, wa kufanya kazi mitaani na vitongojini kwao. Mhudumu mzuri anajua nyumba ipi ina mimba ya miezi minane, mume gani hajaweka akiba ya nauli, na anamkumbusha kila mtu kwamba 115 ni namba ya bure ya kuita usafiri wa dharura wa m-mama. Wenye kujua kazi yetu husema kuna ucheleweshaji wa aina tatu unaoua: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Nesi anapigana na wa tatu. Aina mbili za kwanza ziko mikononi mwa huyu mhudumu na dereva.

Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi. Naweza kurithi kazi yake?

Kuzalisha nyumbani, hapana. Bibi hakuwa na dawa ya kuzuia damu wala njia ya kufika upasuaji kwa haraka, na wengi wa bibi zetu wanayakumbuka makaburi wasiyoyataja. Lakini alikuwa na kitu ambacho leba zetu zimekipoteza: alikaa. Hakuondoka hadi mtoto anyonye. Alikanda mgongo, alisema taratibu, alijua jina la mama mkwe. Uchambuzi wa tafiti 26 zilizohusisha zaidi ya wanawake 15,000 uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba mzazi mwenye mtu wa kukaa naye muda wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida.

Ng'ambo kazi hiyo ina jina, doula, na watu wanalipwa. Hapa kwetu wapo wachache mijini wanaofanya hivyo kwa familia zenye uwezo, lakini haina baraza wala leseni, kwa hiyo siwezi kukushauri uitegemee kama riziki yako yote. Ukiwa kijijini, rithi kukaa kwa bibi: wasindikize akina mama kituoni, ukae nao pale unaporuhusiwa.

Ajira zipo?

Uhitaji upo mkubwa, ajira za serikali hutoka kwa mafungu. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, mapema na uhakikishe leseni yako iko hai. Wengi hukaa mwaka mmoja au miwili wakijitolea, na hapo naomba uwe makini: jitolee mahali ambapo kuna mkunga mzoefu wa kukuangalia, pasipo kuachwa peke yako usiku kwa posho ya nauli. Hospitali za dini na binafsi huajiri muda wowote. Wanaokubali kwenda wilaya za pembezoni hupata mapema, na huko ndiko utajifunza kweli. Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wa Stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo.

Nikienda Uingereza cheti changu cha ukunga kitatambulika?

Kule muuguzi na mkunga husajiliwa mbalimbali, kila mmoja na mtihani wake. Wengi wa kwetu huingia kama wauguzi, wakaishia kutunza wazee. Kama lengo ni leba, uliza upande wa ukunga tangu siku ya kwanza, na umwulize msajili mwenyewe, usimwulize wakala.

Binti yangu ana moyo mwepesi. Mama akifariki mikononi mwake atavumilia?

Mzazi mwenzangu, hakuna anayevumilia kwa maana unayoisema. Mimi nina majina matatu ninayoyabeba. Mmoja aliniomba nimshikie simu ampigie mumewe, nikamwambia subiri kidogo. Baada ya kifo cha uzazi kuna kikao cha kujadili nini kilitokea, na kikao kizuri kinatafuta pengo lilipokuwa badala ya kutafuta wa kumtwisha lawama. Kibaya kinamvunja nesi. Binti yako akifika kazini, ajitafutie mkubwa mmoja wa kulia mbele yake. Mimi niliokolewa na sista mmoja aliyenipeleka nyumbani kwake, akanipikia uji, hakusema neno hadi nilipomaliza bakuli. Moyo mwepesi wenyewe si kasoro. Wenye moyo mzito ndio ninaowaogopa wodini.

Nina miaka 34 na watoto wawili. Nimechelewa?

Hapana. Darasani kwetu kulikuwa na mama wa miaka 38, na wazazi walimsikiliza yeye kuliko walimu. Panga tu nani atabaki na watoto wakati wa mazoezi ya vitendo, maana zamu za usiku huanza ukiwa bado mwanafunzi.

Naweza kuja kuangalia leba kabla sijaomba chuo?

Leba hapana, pale mama yuko uchi na ana haki ya kutotazamwa na asiye na kazi. Nenda kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nawe. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, ujitolee asubuhi mbili tatu kupanga kadi na kubeba mzani. Fika saa moja. Kaa kwenye benchi na wajawazito, waulize wametoka wapi na wametumia nauli kiasi gani. Ukimaliza, pita maabara, dirisha la dawa, chumba cha utrasaundi, na utazame ni mlango upi unakufanya usitake kuondoka.